Sista Hatulii na Ukuta wa Chemchemi

Alizaliwa mwaka wa ukame, kitinda mimba wa fundi mwashi aliyejengea watu nyumba huku yake ikikosa mlango. Baba alimfundisha kukoroga saruji, mama akamfundisha sala, ila kutulia hakuna aliyeweza kumfundisha. Kwamba mvumilivu hula mbivu, hilo halikumwingia kabisa. Akiwa msichana alisikia Injili ya kikombe cha maji wanachopewa wadogo, na kabla jua halijazama alikuwa akibisha hodi kwa watawa. Wao walimpa jina la kitawa. Vijijini aliitwa Sista Hatulii.

Alitumwa bondeni, ambako watu walichota bwawani pamoja na ng'ombe, na kila masika watoto walizikwa kwa kuhara. Akaisaka chemchemi mpaka akaipata, akaitia bomba, akaizungushia ukuta wenye kijilango chembamba ili mifugo isipite. Askofu akaibariki, vigelegele vikapigwa. Wiki iliyofuata wanawake walikuwa bwawani tena.

Sista alichemka. Aliwaita wavivu mbele za watu, na sisi tunaomheshimu hatufichi kwamba alikosa. Kisha akafa mtoto wa mfinyanzi mmoja, mama mjane aliyeishi jirani. Baada ya maziko Sista alimuuliza kwa uchungu kwa nini hakuchota maji safi.

"We Sista, umewahi kuchota pale na mtoto mgongoni?" mfinyanzi alijibu. "Mlango wenyewe anapita mtu mmoja. Ndoo ikijaa, nani anitwishe? Bwawani tunatwishana. Na huyu niliyembeba naye ameanza kuhara, basi nihukumu."

Sista alilia, kisha akachukua nyundo. Katekista alimkuta akiubomoa ukuta, akashika kichwa: "Sista! Ukuta huo umebarikiwa!"

"Baba Askofu alibariki maji, katekista. Ukuta niliukosea mimi."

Wanawake walileta mawe. Walijenga kibaraza cha kimo cha kifua, mtu atue ndoo na kujitwisha mwenyewe, na uwanja mpana wa kusimama wengi. Kwa kosa la kuubomoa ukuta uliobarikiwa, wakuu wa shirika lake walimwita kwenye nyumba ya watawa, wakamweka jikoni mwaka mzima bila ruhusa ya kutoka. Alitii, ingawa masufuria yaling'arishwa mpaka yakaomba huruma, na usiku moyo ulimwuma kwa ajili ya vijiji ambavyo havijapata maji.

Aliporudishwa hakukaa. Alikwenda kijiji baada ya kijiji, na kabla ya kujenga alibeba ndoo na akina mama. Homa ilimkuta kazini. Mfinyanzi alimuuguza, akamsihi, "Pumzika sasa, dada yangu." Akajibu, "Ng'ambo ya kilima bado wanakunywa na ng'ombe," akafa.

Waamini husimulia kwamba katika ukame mkuu chemchemi ile haikukauka, nasi hatubishani nao. Lakini msalaba mbele ya jeneza lake ulibebwa na kijana mrefu, mwana wa mfinyanzi, yule aliyekuwa mgongoni. Ndugu mpendwa, ukitaka kumwiga mtumishi huyu, usianze kwa kujenga. Nenda kachote nao kwanza.