Makala Yangu Mezani kwa Mwalimu Mkuu

Tarehe mosi Februari, siku ya Jumamosi, nilikuwa nyumbani kwa dada yangu, Busia upande wa Uganda, nikikamilisha jalada la kuomba kupandishwa cheo. Mimi ni mtafiti wa ubongo. Kazi yangu, ninayoifanyia Tororo, inahusu watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani. Katika taaluma yetu mtu hupimwa kwa makala alizochapisha na kwa mara ambazo watafiti wengine wamezinukuu. Makala zangu nyingi zimelala. Moja tu hunukuliwa kila mwezi, na hiyo ndiyo iliyobeba jalada zima.

Dada aliingia akitoka shuleni, alikokwenda kumwombea binti yake nafasi ya bweni. Hakuvua hata viatu.

“Wamemkataa. Fomu iliuliza kama aliwahi kulazwa kwa malaria kali, mimi nikajibu ndiyo. Mwalimu mkuu anasema watoto wa namna hiyo hawashiki masomo, eti utafiti umethibitisha. Akanionyesha karatasi.” Alinitazama. “Mdogo wangu, jina lako liko pale.”

Sikuwa nimeandika hivyo. Niliandika kwamba watoto waliopimwa kumbukumbu katika chumba cha kliniki, mbele ya mgeni, walishindwa. Na kwamba wengi wa watoto haohao, walipopimwa nyumbani kwa shughuli walizozizoea, hawakupitwa na wenzao. Jioni nilizifungua makala zilizoninukuu. Nyingi hazikuonyesha dalili ya kunisoma. Zilikuwa zimeusoma muhtasari mmoja mashuhuri wa tafiti uliochapishwa na jarida moja, uliotaja nusu ya kwanza ya matokeo yangu na kuiacha ya pili, kisha zikainakili sentensi yake kama ilivyo. Miaka yote niliyodhani ninapanda, iliyokuwa ikipanda ni sentensi ile.

Hofu nyingine ilikuwa kubwa zaidi. Mimi mwenyewe nilimshika binti huyu wa dada alipokuwa akitetemeka kwa degedege, na tangu siku ile sijawahi kumpima. Nilisema si vyema kumpima ndugu. Ukweli ni kwamba niliogopa jibu.

Katika ua wa dada, watoto hutumwa kwa zamu kwenye maduka ya upande wa Kenya, na mwenye zamu hubeba maagizo ya nyumba zote kichwani. Haandikiwi, kumwandikia mtoto mkubwa ni kumdharau. Hiyo ilikuwa mojawapo ya shughuli nilizozitumia katika utafiti. Jumapili ilikuwa zamu ya binti yetu. Akina mama walimwagiza huku kila mmoja akimkatiza mwenzake: unga, mafuta ya kupikia, kiberiti, sabuni, betri za tochi. Akaondoka mbio. Nilikaa mlangoni nikiwa nimeshika kalamu, kwa mazoea tu, halafu nikaiweka chini kama kitu kinachounguza.

Alirudi, akagawa vitu bila kukosea, mpaka alipofika kwa jirani wa mwisho.

“Na sabuni yangu je?”

Mtoto akaupekua mfuko mtupu.

“Imebaki Kenya, inatafuta pasipoti,” jirani alisema. Ua wote ukacheka, mtoto naye akacheka, akageuka kuifuata.

Mimi sikucheka. Je, ule ulikuwa ugonjwa, au utoto tu? Sikujua, mimi ninayenukuliwa kwa jambo hilohilo.

“Mbona umebadilika uso?” dada aliniuliza. “Watoto wote wanasahau. Wewe jana umetafuta miwani na iko kichwani.”

Siku iliyofuata nilimpigia simu mkuu wa idara yangu, nikamwambia nataka sentensi ile isahihishwe. “Usiiguse,” alisema. “Kamati ya vyeo inakaribia kukutana. Ukianza kulalamika, watasema makala yako yenyewe ndiyo yenye kasoro, na hakuna atakayeinukuu tena.” Huenda alisema kweli. Kwa majuma kadhaa nilifungua barua pepe kana kwamba kila ujumbe ulikuja kuninyang’anya kitu.

Niliporudi Busia, mtoto alikuwa bado nyumbani, wenzake wakiwa wameshafungua shule. Alinisubiri nimalize chai.

“Mama mdogo, ni kweli uliandika kwamba mimi sina akili?”

“Si kweli.”

“Sasa mwalimu amelitoa wapi?”

Nilirudi Tororo nikiwa na hofu ileile, na mwezi Machi nikatuma barua hii:

“Kwa Mhariri. Muhtasari mliouchapisha unadai nilithibitisha kwamba watoto waliopona malaria kali hawawezi kujifunza. Sikuthibitisha hivyo, nusu ya matokeo yangu imeachwa. Naomba mchapishe sahihisho. Nakala naipeleka kwa kamati ya vyeo, ijue kwamba sehemu kubwa ya manukuu yaliyo katika jalada langu imetokana na kosa hilo. Nakala nyingine ni ya mwalimu mkuu wa shule moja ya Busia. Namwomba ampe mtoto aliyemkataa mtihani uleule anaowapa wengine. Siwezi kumwahidi kwamba atafaulu. Makala yangu haikusema atafaulu, wala haikusema atashindwa.”