Siku Mama Alipoombewa Msamaha

Harufu ya risasi iliyoyeyuka, ile ya kulehemu waya, hunirudisha Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kwenye ua wetu wa matofali mabichi, kiangazi kile nilipokuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumefika kutoka Bukavu, Kongo, miezi michache tu kabla ya hapo. Kichewa changu chote kilikuwa neno moja, zikomo, yaani asante, na mama yangu alikuwa mwanamke pekee niliyewahi kumwona akifanya ufundi wa umeme. Aliusomea kwenye shule ya ufundi kwetu. Vifaa vyake vilikuwa koleo, kisu, na chuma cha kulehemu alichokipasha kwenye makaa yale yale tuliyopikia nsima, ugali wa huko.

Mfanyabiashara mmoja wa Area 18, Lilongwe, alituletea gari lake dogo pamoja na dereva wake, Banda. Tindikali ilikuwa imekula kibao cha betri huko mbele kwenye injini hadi kikatoboka, kwa hiyo alitaka betri ihamishiwe kwenye buti. Mama alifanya kazi hiyo siku mbili nzima. Alikwangua rangi ndani ya buti mpaka bati likang'aa, akaufunga hapo waya wa hasi. Waya mnene wa chanya aliupitisha chini ya zulia, kutoka nyuma hadi mbele, na kila ulipopenya kwenye bati aliuvisha mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mwisho, shubiri moja tu kutoka kwenye betri, aliweka fyuzi kubwa. Nilimuuliza kwa nini aiweke karibu hivyo.

"Huu waya unapita chini ya batu benye kuikala ndani ya gari," alisema. "Ukigusa bati, fyuzi njo itakatika kwanza, mbele moto ianze. Na ikikatika, usibadilishe tu. Kuko ugonjwa fasi moja. Tafuta ugonjwa kwanza."

Juma moja baadaye nilikuwa kwenye foleni ya maji kisimani. Gari lile likaja limesheheni nondo, nyingine zimepenyezwa kutoka kwenye buti hadi chini ya kiti cha nyuma, juu ya zulia lililoficha waya wa mama. Likazima ghafla karibu nasi. Banda alishuka, akafungua buti, akang'oa fyuzi iliyokatika na kuitupa vumbini. Kisha akasokota kipande cha waya mtupu mahali pake, akazisukuma nondo kidogo, na injini ikawaka. Nilikimbia hadi dirishani. Maneno yote ya mama yalikuwa kichwani mwangu kwa Kiswahili, yamepangika vizuri, na hakuna hata moja lililoweza kumfaa. Nikaonyesha buti kwa kidole. Nikasema, "Zikomo! Zikomo!"

Banda akacheka kwa upole. "Zikomo kwambiri," akanijibu, akaondoka.

Niliacha ndoo, nikakimbia nyumbani. Mama alitoka bila viatu, lakini tulipofika barabarani palikuwa na vumbi tu. Hatukuwa na simu, wala namba ya mtu. Alisimama ameshika kichwa, akiitazama njia ya Lilongwe kana kwamba macho yangeweza kulisimamisha gari.

Gari liliungua kabla ya kufika Biwi, mtaa wa Lilongwe. Siku ya tatu mwenye gari alikuja na Banda, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji. Majirani walijaa uani. Mama alimwomba Baba Claudine, jirani yetu Mnyarwanda aliyekijua Kichewa, atafsiri.

"Mi niliweka fyuzi," mama alisema. "Dereva aliitosha, akaweka waya mutupu. Mutoto wangu aliona."

Nami nikaeleza yote, kisima, nondo, kipande cha waya, huku Banda akitazama chini. Baba Claudine alinisikiliza hadi mwisho. Alimtazama mwenye gari, akatazama nyumba zetu, kisha akasema kwa sauti ya chini maneno machache, na katikati yake nikasikia "pepani", neno ambalo wanawake wa kisimani walilitumia walipokanyagana miguu. Mama naye alilijua.

"Baba Claudine, umemuambia nini?"

"Nimemuambia mulikosa, asamehe. Mwenye nguvu mpishe, mama. Tuko bageni hapa."

Mama alimgeukia mwenye gari. Angesema nini, na kwa lugha gani? Mwenye gari aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea haki yake. Alipoondoka aliwaambia watu, kwa ishara ambazo hata mimi nilizielewa, wasimpe mwanamke huyu waya tena. Hawakumpa. Kabla ya mvua kuanza, mama alikuwa akikaanga mandazi sokoni.

Leo ninafundisha Lilongwe, na hata ndoto ninaziota kwa Kichewa. Ningeweza kumweleza mtu yeyote habari ile, neno kwa neno. Lakini yule mfanyabiashara alishafariki, Banda sijui yuko wapi, na hakuna aliyebaki anayeuliza. Mama anaishi nami. Mwezi uliopita swichi ya jikoni ilianza kutoa cheche, nikamletea koleo, nikamwambia, "Mama, kazi hii ni yako." Aliligeuza koleo mkononi, akalinusa, akaliweka mezani.

"Ita fundi," akasema.

Alikuja kijana wa mtaani, akaunga waya vibaya. Mama alikuwa ameketi hatua mbili tu kutoka kwake, mikono mapajani, akiona kila kosa, na hakusema kitu.