Mtani wa Kushonwa

Uwesu Selemani hakusoma sheria hata siku moja. Alimaliza darasa la saba, akakaa kwenye cherehani, na hapo akabaki miaka hamsini, mtaa wa Gongoni, Tabora, ndani ya kibanda chenye mlango mmoja na vioo viwili, kimoja cha wateja na kimoja chake. Lakini ulizia mjini ni nani anayewanoa vijana wanaotaka uwakili, utaonyeshwa kibanda hicho. Na atakayekuonyesha hatacheka, maana huenda mwanawe naye alipitia pale.

Mambo yalianza yenyewe. Kijana akiitwa kwenye usaili hushona suti, na Uwesu ana mdomo. Akimpima mtu kifua humuuliza anakwenda wapi. Mtu akirudi kupunguziwa mikono ya koti humuuliza kaulizwa nini. Maswali aliyaandika kwenye daftari lile lile la vipimo, kwa kuwa hakuwa na jingine. Ndiyo maana ukurasa mmoja utakuta kiuno thelathini na nne, mguu arobaini na moja, na chini yake: "Eleza tofauti ya jinai na madai." Baada ya miaka kumi na mitano madaftari yakawa sita, na Uwesu akaamini kwamba hakuna profesa nchini mwenye hazina kama ile. Pengine ni kweli.

Barua za kuomba kuingia shule ya sheria alizisahihisha kwa chaki ya kukatia nguo. "Barua ni suruali," aliwaambia. "Ikizidi urefu utaikanyaga mwenyewe mlangoni." Alifuta bidii, uaminifu na uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa, mambo ambayo kila mtu huyaandika na hakuna anayeyaamini, akamlazimisha kijana aandike jambo moja tu alilowahi kulifanya kweli. Kijana mmoja wa Usinge aliandika jinsi alivyowapatanisha mashemeji wawili waliogombea mizinga ya nyuki, akachaguliwa.

Kila Jumamosi baada ya alasiri kulikuwa na usaili wa majaribio. Jopo lilikuwa la watatu: Uwesu, mkewe Bi Shamila, ambaye alikuja na ungo wake wa mchele na hajawahi kuridhika na jibu la mtu, na katikati yao sanamu la kuvalishia nguo, lisilo na kichwa wala mikono, limevikwa koti jeusi na tai. Hilo liliitwa Mwenyekiti. Hoja ya Uwesu ilikuwa kwamba ukiweza kumkabili asiye na macho, mwenye macho mawili hakutishi. Vijana walianza kwa kucheka, na baada ya dakika tano walikuwa wakisema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa ruhusa yako." Tena walijibu wakiwa wamevaa koti lenye pini mgongoni, anayejikunja achomwe. Ni ukatili, sikatai, lakini hakuna aliyetoka pale na kibiongo.

Ndipo akaja Eustadia.

Alikuwa binti wa Kinyamwezi kutoka Usoke, mtoto wa Mzee Anselm, mkulima wa tumbaku, miaka ishirini na saba. Sheria aliijua barabara. Shule ya sheria alikwishaimaliza, na barua iliyompeleka huko ilipita kwenye chaki ya Uwesu. Tatizo lilikuwa moja. Hakuweza kumbishia mtu aliyemzidi umri. Kwao walimlea vizuri kupita kiasi. Mkubwa akisema jua limechomoza magharibi, Eustadia hupiga goti, akasema, "Ndiyo, baba." Hata mbele ya Mwenyekiti asiye na kichwa alipiga goti, pini zikamchoma, akaliomba radhi sanamu.

Usaili wake wa kwanza ulivunjika hivyo hivyo. Wa pili ulikuwa msiba. Aliingia kwenye chumba chenye wazee watatu, mmoja akachungulia karatasi yake kwa miwani ya kuazima, akauliza, "Wewe ndiye Amon?" Eustadia akasema, "Ndiyo, mzee." Amon alikuwa ameomba udereva. Kwa nusu saa Eustadia akaulizwa habari za giaboksi na namna ya kuvuka mto uliojaa, akajibu kwa heshima zote. Wiki iliyofuata Amon, ambaye siku ile alilala na homa, akapata barua ya kuanza kazi. Eustadia akaandikiwa kwamba hakuhudhuria.

Sasa nafasi ya tatu ilikuwa imepatikana. Wakili mmoja aitwaye Justus alikuwa amehamia kutoka Dodoma miezi michache nyuma, akafungua ofisi karibu na mahakama, akatangaza kwamba anahitaji mwanasheria kijana mmoja. Waliitwa watatu. Mzee Anselm alikuwa amekwisha kusema, kwa upole kabisa, kwamba safari hii ikishindikana binti arudi Usoke. Mabani ya kukaushia tumbaku yanahitaji mikono, na cheti kinaweza kutundikwa ukuta wowote. Eustadia alijibu, "Ndiyo, baba," kisha akaja kulia kwenye kibanda cha Uwesu.

Uwesu akajaribu kila alichokijua. "Mkataba wa mdomo hauna nguvu mahakamani hata chembe," alimwambia. "Sivyo?"

Eustadia alijua ni uongo. Akapiga goti. "Ndivyo, baba."

Bi Shamila akatua ungo. "Baba Najiat, huyu mtoto ukimwambia amekufa, atauliza sanda iko wapi."

Siku nne kabla ya usaili akafariki Mzee Ambrosi wa Isevya, mstaafu wa reli, Mgogo wa kuzaliwa. Uwesu alikwenda kuzika, na Eustadia akaja na akina mama wa jumuiya. Na kwa kuwa Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu siku za misafara, siku ambazo mpagazi wa Kinyamwezi alipita Ugogo akadaiwa nguo ndipo anyweshwe maji, msiba ulikuwa na kazi mbili, ya kulia na ya watani.

Jeneza lilipofika mlangoni likasimama. Mtu alikuwa amelala kizingitini. Alikuwa amevaa kofia ya reli ya marehemu na koti lake, ameshika mchi, na anapiga filimbi ya stesheni kwa mdomo. Uwesu alitazama mara mbili. Alikuwa Eustadia.

"Treni haiondoki!" alipiga kelele. "Huyu mwizi wa maji anakwenda wapi bila tiketi?"

Kaka wa marehemu, mzee mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, akamwambia apishe.

"Hapana," alisema Eustadia.

Uwesu alishika ukuta. Tangu amfahamu hakuwahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwa binti yule.

"Hapana, mzee, na usinitolee macho," aliendelea. "Shauri hili bado. Kwanza, mlimpa nani notisi? Pili, wewe una uwezo gani kisheria wa kumsafirisha, barua ya usimamizi wa mirathi iko wapi? Tatu, babu yako aliwanyima maji babu zangu mpaka wakavua nguo. Mnyamwezi alifika pwani uchi kwa sababu yenu!" Wafiwa walikuwa wakicheka na machozi yanawatoka. Yule mzee akajibu hoja, akapanguliwa. Akajibu nyingine, akapanguliwa. Robo saa nzima. Mwisho akatoa kuku mmoja, Eustadia akamkagua miguu, akatangaza kwamba mahakama imeridhika, jeneza likapita.

Wengine walikwenda makaburini wakimwomboleza Ambrosi. Uwesu alikwenda akipiga hesabu ya kitambaa chake. Binti huyu hakuwa na woga wa wazee. Alikuwa na woga wa wazee wasio watani. Basi alihitaji mtani mmoja tu, wa umri unaofaa, aliyekaa kwenye kiti kinachofaa.

"Mwanangu," alimwambia kesho yake, huku akimpima mabega bila sababu yoyote, "nilisahau kukwambia. Yule Wakili Justus ni Mgogo."

"Mgogo kweli, baba?"

"Si katoka Dodoma?"

Kutoka Dodoma kulikuwa kweli. Mengine Uwesu aliyakata mwenyewe. Suruali mbili za Justus alizishona yeye, na wakati wa kupimwa yule bwana alimsimulia kwa nusu saa namna mama yake anavyokaanga senene huko Bukoba. Uwesu alijua kwamba ni Mhaya kama alivyojua kiuno chake, yaani thelathini na nane. Alidanganya akiwa na akili timamu, na usiku akalala vizuri.

Siku ya usaili Eustadia alirudi saa sita mchana. Hakubisha hodi. Uwesu alikuwa anatia uzi kwenye sindano, na uzi ukakataa.

"Nimeingia nikamsalimu kwa Kigogo, 'Mbukwenyi, mtani! Bado mnauza maji?'" alisema Eustadia. "Akageuka kuangalia nyuma yake. Nikamwambia kiti chake kizuri kuliko changu, tubadilishane. Akaniuliza ule mkataba wa mdomo, akasema hauna nguvu popote. Nikamuuliza, mtani, nani alikupa uwakili, mbuzi? Nikamtajia kifungu. Ndiyo nikaona ukutani kalenda ya parokia ya Bukoba, na mezani kopo la senene."

"Ukafanyaje?" Sauti ya Uwesu ilitoka nyembamba.

"Nilikuwa katikati ya sentensi. Nikaimaliza. Halafu matusi nikayaacha, lakini kila alipokosea nikaendelea kumwambia amekosea. Mdomo ulikuwa umeshazoea." Akavuta pumzi. "Umenidanganya, mzee."

"Nimekusaidia."

"Vyote viwili."

Wakili Justus, alieleza, alikuwa anasema uongo makusudi. Wasailiwa wenzake Eustadia wawili waliukubali wote, yeye peke yake aliukataa. Lakini Justus alikuwa ameitwa muuza maji ndani ya ofisi yake mwenyewe, na alitaka kujua kama ufidhuli ule ni wa kuzaliwa nao au ni wa kufundishwa. Wa kuzaliwa nao, hapana kazi. Wa kufundishwa, basi mwalimu aje saa tisa aeleze mwenyewe.

Uwesu akasema haendi. Mtu wa miaka sitini na sita aende kuhojiwa na mtu ambaye amemshonea hadi pindo?

"Hapana, mzee, utakwenda," alisema Eustadia, naye hakuwa na kofia ya reli wala mchi. "Kosa ni lako. Anayeumia ni mimi. Na umri wako haukukuzuia kusema uongo, basi usikuzuie kusema kweli."

Uwesu akaishika tena sindano, uzi ukakataa tena. Bi Shamila, bila kuinua macho kwenye mchele, akasema, "Koti lako la harusi ya Najiat liko kwenye msumari."

Saa tisa aliketishwa kwenye kiti cha msailiwa. Hapo ndipo Uwesu alipogundua jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: maishani mwake hakuwahi kukikalia. Fundi hasailiwi, hupewa nguo mbovu arekebishe, basi. Mbele yake alikuwa Wakili Justus, miwani safi, kalamu mkononi, na juu ya shingo yake kulikuwa na kichwa.

"Jina lako?"

Mganga hajigangi. Ulimi wa Uwesu ulishika juu ya kinywa. "Ndiyo, mheshimiwa," alisema.

"Nimeuliza jina."

"Ndiyo."

"Wewe ndiye uliyemwambia binti huyu kwamba mimi ni Mgogo?"

Uwesu alijikunja. Aliwakumbuka watoto wa watu aliowachoma pini miaka kumi na mitano, akidhani wanaogopa kwa uzembe, akaona haya hadi masikio yakawaka. Alitaka kusema neno, lolote, kwa kuwa kazi ya binti ilikuwa imening'inia kwenye neno hilo, na neno halikuja.

Eustadia akasimama. "Mheshimiwa, naomba nimsemee mzee huyu."

"Una maslahi katika shauri hili."

"Ninayo. Na bado naomba." Hakungoja jibu. "Alidanganya, hatubishani hapo. Alijua anadanganya, maana suruali uliyovaa ameishona yeye. Lakini, Mheshimiwa, mimi hadi juzi sikuweza kumwambia mkubwa yeyote hapana. Niliwahi kusailiwa udereva kwa sababu hiyo. Mzee huyu hakwenda shule kama yetu. Alinitafutia duniani mtu mmoja ambaye ningethubutu kumbishia. Hakumpata. Akamshona."

"Hiyo si hoja ya kisheria."

"Hapana, si ya kisheria," alisema Eustadia. "Lakini ni kweli."

Justus alimtazama sana yule mzee aliyejikunja ndani ya koti la harusi. Kisha akafunga kalamu. "Jumatatu, saa mbili kamili," alimwambia Eustadia. "Na senene hutagusa mpaka umalize miezi mitatu." Akamgeukia Uwesu, safari hii taratibu. "Mzee, una la kuongeza?"

Uwesu alimwangalia binti aliyesimama pembeni yake, wima, akaunyoosha mgongo.

"Jina langu," alisema, "ni Uwesu Selemani."