Chura Kiganjani

Mimi na chura hatujawahi kukosana. Nafundisha gredi ya kwanza katika shule iliyo juu kidogo ya Ikonge, chai upande huu, chai upande ule, na tangu nianze kazi sijawahi kumchora ubaoni mnyama anayeweza kushikika. Kinyonga nimempeleka darasani. Konokono nimewapeleka. Kwa hiyo mvua za Machi zilipoanza na vyura wakapiga kelele bondeni, nilijua somo la wiki hiyo bila kufungua kitabu.

Nilikuwa na sababu nyingine, na nitaisema wazi. Darasani mwangu kulikuwa na msichana wa miaka saba mwenye chunjua tano kwenye mkono wa kulia, vinundu vigumu juu ya vidole. Wenzake walikuwa wameshaamua kwamba chura alimkojolea. Tukicheza mchezo wa duara, aliyesimama kulia kwake alishika sweta, si mkono.

Mimi na yeye tunasali kanisa moja la Kisabato, na huko ndiko nilikoona mambo yamefika wapi. Kwetu ibada ikiisha, mchungaji hutoka kwanza na kusimama mlangoni. Kila anayetoka huwasalimia kwa mkono wote waliotangulia, kisha husimama mwisho wa mstari ili wanaomfuata wamsalimie. Hakuna anayepita bila kuguswa. Mtoto huyu alivuta mkono wa sweta ukafunika vidole, akawapa watu kifundo cha mkono, kama tunavyofanya tukiwa na mikono ya sabuni au ya udongo. Wazee walidhani ni adabu. Mimi niliumia sana.

Jumatatu nikabeba ndoo mbili. Katika moja nilitia chura wa majini niliyemtoa kwenye shimo la wachoma matofali, ngozi laini, miguu mirefu, pamoja na viluwiluwi kadhaa. Katika nyingine nilimtia yule mnene anayelala chini ya tangi letu, ngozi ya mabonge, miguu mifupi, mvivu wa kuruka. Mume wangu aliponiona nikimchukua aliweka kikombe chini.

"Yaya, hapana! Mwalimu mzima unashika hiyo kitu? Utaota chunjua mpaka kwa pua."

Nikamwambia kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Akanijibu kwamba hata ng'ombe hutazama kwanza kabla ya kunywa.

Darasani nilimweka yule mnene kwenye kiganja cha kushoto, mkono wa kulia ukabaki na kazi ya kuonyesha. Niliwaambia mabonge yale si ugonjwa, ndiyo ngozi yake, na ndani mna utomvu mchungu wa kumfukuza mbwa anayetaka kumla. Niliwaambia anakula mbu na wadudu wanaokula sukuma wiki zetu. Wakati huo huo akanikojolea. Watoto walipiga mayowe hadi mwalimu wa gredi ya pili akaja kuchungulia.

"Vizuri sana," nikasema. "Mmeona wenyewe. Mtakagua mkono huu kila asubuhi. Nikiota chunjua, mniite mwongo."

Walikagua kweli, wakaugeuza mkono wangu kama wanunuzi wa parachichi. Nami kila asubuhi kwenye duara nilisimama kulia kwa yule msichana nikamshika mkono, ngozi kwa ngozi. Kabla muhula haujaisha, watoto wawili watatu walikuwa wameanza kumshika. Nilijivuna, sitaficha.

Shule zilipofunguliwa Mei, kidole kimoja cha mkono wangu wa kushoto kilikuwa na chunjua.

Muuguzi wa zahanati aliitazama akacheka. Haitoki kwa chura, akasema. Hutoka kwenye ngozi ya mtu hadi ya mwingine. Ifunike tu, siku moja itaondoka yenyewe. Nilijua imetoka kwa nani, na hapo ujanja wangu wote ukaniishia. Nikinyamaza, chura atabaki na hatia na mimi nitabaki mwongo. Nikisema kweli, nani atamgusa mtoto yule tena? Nikafunga plasta na kuwaambia watoto nimejikata nikimenya ndizi.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na mtoto wa miaka saba. Wenzake walipotoka kwenda kunywa uji, alibaki nyuma, akaitazama ile plasta iliyokuwa imeanza kubanduka.

"Mwalimu, hiyo ni yangu?"

Nilitaka kumwambia ni ya kisu. "Ndiyo," nikasema. "Ni yako. Haiumi."

"Basi usinishike tena." Hakulia. Alisema kama mama anayempangia mtu kazi, kisha akaenda kuchukua uji wake. Nililia mimi, nikiwa nimeegemea kabati la vitabu, kwa hasira ya kujiona mjanja kwa miezi miwili.

Ijumaa nilibandua plasta mbele ya darasa zima. "Ni ile chura!" wakapiga kelele. Nikawaambia si chura, na kisu hakikuwepo, hapo niliwadanganya. Nikawaambia hutoka kwa ngozi ya mtu, na mtu yeyote anaweza kuipata, na mimi nimeipata na bado naandika, bado nachuma chai, bado nasonga ugali. Mvulana mmoja, naye wa kanisa letu, aliuliza swali nililokuwa nikiliogopa: kwa hivyo wasimshike? Nilifungua pakiti ya plasta. Nikabandika yangu, nikabandika tano juu ya vidole vya msichana. "Tukifunika, tunasalimiana," nikasema. Kengele ikalia, wakakimbilia mlangoni.

Siku iliyofuata ilikuwa Sabato. Nilikuwa tayari kwenye mstari alipotoka, sweta imevutwa hadi kwenye kucha. Akaja akigawa kifundo, mtu kwa mtu, mpaka akanifikia mimi. Akaninyooshea kifundo.

Sikukishika. Nilibaki nimenyoosha mkono wangu, na watu wakaanza kusongamana nyuma yake.

"Na ukipata ingine?" akaninong'oneza.

"Basi nitakuwa nazo mbili."

Akanitazama kwanza, ili ajue kama natania. Vidole vikatoka kwenye sweta, kimoja kimoja, na plasta zake zikiwa zimechafuka kwa masizi ya jikoni. Tukasalimiana. Akasimama upande wangu, mwisho wa mstari, mkono ukiwa nje.

Aliyefuata alikuwa yule mvulana wa swali. Alinisalimia mimi, akautazama mkono wa mwenzake, akaushika haraka kama anayetoa hindi motoni, kisha akaenda kusimama kando yake.