Mnyororo Kwenye Tairi la Nyuma

Waendesha bodaboda wote wanatangaziwa kuwa barabara ya Mgeta sasa inapitika majira yote, hivyo ni marufuku kufunga minyororo kwenye matairi, kwani inachimba barabara. Dereva mmoja alilisikiliza tangazo akiwa na kofia ngumu kichwani, akaitikia kwa adabu, kisha akaendelea kukagua mnyororo wake pingili moja moja. Simu huivisha mfuko wa nailoni. Tope hulibonyeza kwa kidole gumba, kama mama anayepima ugali, ndipo aamue mnyororo uzunguke tairi mara ngapi.

Asubuhi moja ya masika, bwana mkubwa aliyewasomea tangazo lile alimfuata kwa miguu, faili kwapani. Gari lake limekwama, na saa tatu ana kikao mjini. Asipofika, cheo anapewa mwenzake. Dereva akamwamkia, akachuchumaa nyuma ya pikipiki, akaanza kufunga.

“Hiyo si tumepiga marufuku, kijana?”

“Mmepiga, mzee. Niufungue?”

Mzee akalitazama teremko la tope mbele yao.

“Kaza.”

Saa tatu kasoro robo walikuwa mjini. Gari la mzee lilifika baada ya siku tisa.