Neno Moja Baada ya YAH

Siku yangu ya kwanza kazini, Mpanda mjini, Karani Mkuu wa masjala alinikabidhi muhuri na kunionya: "Barua ukiigonga imeshapokelewa, huwezi kuikana. Usigonge kabla hujasoma YAH." YAH ni ule mstari wa juu unaotaja barua inahusu nini. Miaka yote niliyofungua majalada na kuandika namba za folio, nilianza na mstari huo, na mara nyingi niliishia hapohapo.

Baadaye nilihamishiwa kituo kimoja cha polisi upande wa Mpimbwe, nikiwa karani raia. Huko ndiko alikonijia Mama Felista, mkulima wa mpunga wa Mamba. Zahanati yao haikuwa na mkunga. Binti yake alijifungulia njiani akikimbizwa kwa pikipiki, na mtoto hakupona. Akina mama walitaka kutembea kwa amani mpaka ofisi ya kata, wakaseme. Aliandika mwenyewe kwenye karatasi ya daftari: YAH: TAARIFA YA MAANDAMANO.

Nikaipeleka ndani bila kuigonga. Mkuu wa Kituo akanirudishia. "Taarifa inapokelewa tu. Ombi ndilo lenye jibu. Mwambie abadilishe."

Sheria ilitaka watu watoe taarifa, haikuwataka waombe. Nilijua. Lakini nilikuwa na sifa ya kuchapa vizuri, nikajiona namsaidia.

"Mama, nyie mkiandika ombi mtajibiwa haraka."

"Kwani mimi naomba, mwanangu? Mimi nasema."

"Ni lugha ya ofisi tu, mama."

Nikamchapia ombi, akatia sahihi. Kesho yake nikachapa jibu kwa mikono ileile: ombi lako halikukubaliwa, kwa sababu za kiusalama. Alilisoma akiwa amesimama, akalikunja.

"Si nilikwambia sikuomba?"

Akina mama hawakutembea. Niliona haya, lakini haya hazikunizuia kuwafundisha makarani wapya utaratibu uleule mpaka nilipostaafu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kosa lenyewe. Ng'ombe hufungwa kwa kamba na mtu kwa maneno, nami kwa miaka mingi ndiye niliyekuwa nachagua neno.

Siku hizi niko Kakese, nalima mahindi na kuwaandikia majirani barua. Majuzi walitaka kuandamana kwa ajili ya kisima kilichokauka. Niliandika TAARIFA, kwa herufi kubwa, nikaipeleka kituoni mwenyewe. Karani ni binti mpole, ananikumbusha nilivyokuwa. Akasoma YAH, akaishia hapo.

"Bibi, hii mkaandike ombi. Ni lugha ya ofisi tu."

Nilimwonea huruma, maana hayo maneno nayajua yalikotoka.

"Mjukuu wangu, sisi hatuombi. Gonga muhuri."

Akautazama mlango wa bosi wake. Nikavuta benchi, nikakaa.

"Wala usiwe na haraka," nikamwambia. "Mimi ni mstaafu."