Nilipita Katikati ya Vijiti vya Mama Tomke

Na msiniambie tena eti ni tope tu. Mimi mwenyewe nilisema hivyo hivyo mwezi wa tano, na hadi leo nikimwona Mama Tomke dukani najifanya natafuta sabuni.

Tomke Ubben ana miaka sitini na tatu. Miaka ishirini na sita sasa, kila mwezi, maji yakishakupwa hapa kwenye ghuba ya Dollart, anashuka tuta la kuzuia bahari, anapiga goti moja kwenye kibao cha kutelezea juu ya tope, mguu mwingine unasukuma, mpaka kwenye vijiti vyake vinne, alivyochomeka kuzungushia mahali pake pa kupimia. Hapo anazamisha bomba la plastiki, analitoa na tope lake na maji yake juu, analibeba wima kama kichanga. Nyumbani analiweka gizani, penye baridi, halafu anapima maji. Anataka kujua ile mbolea ya mashamba iliyoshuka na mto, tope limeshika kiasi gani, limetema kiasi gani. Juu ya tope kuna ngozi nyembamba ya kahawia, vimea vidogo mno. Ngozi ikiwa nzima, tope linashika. Ikichanika, lile jeusi la chini, linalonuka yai bovu, linatema mbolea yote majini.

Mimi nilikuwa najifua kwa mashindano ya vibao. Njia ya mkato ilipita katikati ya vijiti. Nikapita, siku nne mfululizo.

Mwezi huo maji ya Mama Tomke yalijaa mbolea kuliko mwaka wowote. Akasimama kwenye mkutano wa kijiji na karatasi yake ya vipimo.

"Folkert, umemwaga samadi mtoni."

Folkert ana ng'ombe mia na mdomo mmoja mkubwa. "Sijamwaga hata ndoo, Tomke. Uzee huo, umeanza kupima ndoto."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Hapo ndipo panaponiunguza.

Kesho yake akaja kwetu. Mama yangu akammiminia chai, bonge la sukari likalia kikombeni likipasuka. Hakuigusa.

"Renko, mwanangu, ulipita kwenye vijiti vyangu?"

"Mimi? Aa, mama, mimi napita kule mbali."

"Haya. Basi nimekosea mimi."

Akaenda kumwomba Folkert radhi dukani, mbele za watu. Akawaandikia wanaopokea vipimo vyake kwamba anaacha. Miaka ishirini na sita, nimeimaliza kwa goti langu.

Nilivumilia siku mbili. Ya tatu nikamkuta anaosha mabomba ayagawe. Nikasema yote. Angenipiga ningepona. Aliuliza tu:

"Mara ngapi?"

"Nane. Kwenda na kurudi."

"Tarehe?"

Akaandika. Halafu akasema, "Folkert utamwambia wewe. Na ucheke kidogo, kama siku ile."

Nilimwambia zizini. Folkert akaegemea koleo, akasema, "Mjinga wewe. Na mimi nimemwita mzee."

Mama Tomke hajayagawa mabomba bado. Anasema anasubiri ngozi ya tope iote tena, aone kama itaachwa bila kupitwa.

Mashindano ni Jumapili. Nyie wote wenye vibao, vijiti vinne mnavijua vilipo. Zungukeni mashariki. Mkiona mtu anakata njia pale, mshusheni kwenye kibao chake. Akiwa mimi, nishusheni kwanza.